Mwanafunzi wa fildi na mgeni mwenye nafasi

Hoja ya mameneja wengi wa hoteli za Zanzibar inajulikana: mgeni hakulipa dola zake aje kufundisha Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeletwa na chuo kwa mafunzo ya vitendo, yaani fildi, huambiwa asalimie, aweke sahani, aondoke. Akionekana amesimama na mgeni aliyemuuliza habari za kijiji chake, msimamizi humwita jikoni. Upande wa pili wapo wageni ambao wangekaa kwa furaha na mwanafunzi robo saa baada ya kifungua kinywa ili azoee kuzungumza, na wapo walimu wanaotaka jambo hilo liwekewe utaratibu.

Mameneja hawasemi ovyo. Hoteli ikijaa, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi hakuna wa kupumua. Mwanafunzi mmoja akinasa mezani, sahani zake wanazibeba wenzake. Mgeni mwingine ametua usiku wa manane na hataki kuulizwa hata jina. Kisha lipo la mabinti. Familia nyingi za Unguja bado husita kumruhusu binti asomee hoteli, na mzazi ana haki ya kuuliza nani anazungumza na mwanawe, wapi, mbele ya nani. Hapo sina ubishi: mazungumzo yafanyike mgahawani au mapokezi, msimamizi akijua, na namba za simu zisipeanwe.

Ila hoja yote hii inamtazama mwanafunzi aliyenyamaza kana kwamba kunyamaza kwake hakuna hasara. Mgeni anauliza kama mchuzi wa samaki umetiwa korosho, maana ana mzio nazo. Mwanafunzi ameshika neno samaki na neno mchuzi, yaliyobaki yamempita. Anatabasamu, anasema ndiyo, hakuna shida, anaelekea jikoni. Jikoni hakuna aliyeambiwa kitu.

Kwa nini hakuuliza tena? Wepesi wa kusema hajui lugha ni wengi, na mimi siafikiani nao. Kijana huyu amemaliza kidato cha nne, amesoma bailojia na jiografia kwa Kiingereza, na ukimpa karatasi ataandika sentensi iliyonyooka. Tatizo limekaa pengine. Nyumbani amelelewa kwamba mkubwa akisema unaitikia. Kumwambia mtu mzima "hebu rudia, sijakuelewa" ni kukosa adabu. Darasani aliyekosea alichekwa, kwa hiyo alijifunza mapema kwamba salama ni kukaa kimya. Chuoni wanaigiza mapokezi wenyewe kwa wenyewe, mmoja mgeni, mmoja mhudumu, na wote wawili wamekariri maswali pamoja na majibu. Hakuna anayeweza kumshtua mwenzake. Siku ya kwanza anayomkuta mtu asiyefuata ule mchezo ni siku yupo kazini, mgeni ana njaa na msimamizi anamtazama kwa mbali.

Anachokosa ni ujasiri wa kukiri kwamba hajaelewa, na huo haupatikani kitabuni. Unapatikana kwa kukaa na mtu usiyemjua ambaye hana haraka, ukamwomba arudie, akarudia bila kukunja uso, na ukaona kwamba hakuna kilichoharibika. Baada ya mara chache hofu inaanza kulegea. Mwalimu wa chuo, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwa mtu huyo, kwa sababu mwanafunzi anamjua na anajua atampa alama.

Wapinzani huuliza: huyo mgeni mwenyewe anajua Kiingereza? Swali zuri, na takwimu zinalipa uzito. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar ilihesabu wageni wa kimataifa 638,498 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Ni ongezeko la karibu laki moja kwa mwaka mmoja. Humo wamo kwa wingi Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Wapoland, watu ambao Kiingereza nao walijifunza shuleni, wana lafudhi zao na wanakosea sarufi kama sisi. Basi watamfundisha nini kijana wetu?

Kwangu mimi takwimu hizo zinasema kinyume. Watu hao ndio kazi yake. Kiingereza atakachokisikia miaka yote ya ajira yake ni hicho cha Mwitaliano anayeomba yai lililoiva nusu huku akionyesha kwa vidole, na cha Mpoland anayeuliza maji yatakupwa saa ngapi ili atembee hadi kwenye mwamba. Kanda ya kusikiliza yenye sauti ya mtangazaji wa London haimwandai kwa hao. Tena kuna faida nyingine ambayo sioni ikitajwa: mgeni huyo akikwama katikati ya sentensi huchekelea, hutafuta neno lingine, huomba msaada. Mwanafunzi anaona kwa macho yake mtu mzima, mwenye fedha zake, akikosa neno bila kuona aibu. Somo hilo kwake ni kubwa kuliko sarufi.

Badala yake tunampeleka wapi? Wengi wanaokwenda fildi huishia dobi, bustanini na kwenye kuosha vyombo, mahali ambapo siku nzima hakuna Kiingereza kinachosemwa. Kisha nafasi ya mapokezi inapotangazwa tunasikia wenyeji hawana lugha, na anachukuliwa mtu kutoka Bara au Kenya. Wakenya wenyewe waliliona jambo hili zamani: Kenya Utalii College, iliyoanzishwa 1975 kwa msaada wa Uswisi, ina hoteli yake hapo hapo, mwanafunzi anahudumia wageni wa kweli huku mkufunzi yupo karibu. Wanafunzi wetu wengi wanategemea hisani ya hoteli za watu.

Na hapo ndipo lawama moja ya wapinzani inaniuma, kwa kuwa ni ya kweli. Hoteli inayompokea mwanafunzi bila malipo, ikamtumia kama kibarua, kisha ikamwachia mgeni kazi ya kumfundisha, inakwepa wajibu wake mara mbili. Mgeni hukaa siku chache na kuondoka. Hawezi kuwa mbadala wa mkufunzi, na asifanywe hivyo.

Kwa hiyo utaratibu uwe mdogo na wazi. Mgeni aulizwe mapokezi kama yuko radhi, akikataa yaishe. Wakae baada ya meza za kifungua kinywa kuondolewa, wanafunzi wawili kwa pamoja ili wasiogope. Mgeni asisahihishe kila neno, na asisahihishe mbele ya watu wengine. Kitu cha thamani zaidi anachoweza kufanya ni kulalamika: chandarua kimetoboka, maji ya moto hayatoki, jirani wa chumba cha pili amepiga muziki usiku kucha. Mwanafunzi asikilize, arudie alichosikia kwa maneno yake, aulize kilichompita, ndipo aseme atafanya nini. Anayeweza hilo na mgeni aliyetulia, ana mahali pa kuanzia akikutana na aliyekasirika.

Vyuo navyo vina la kufanya kabla mwanafunzi hajapanda daladala kwenda Paje au Nungwi. Barua ya kuomba nafasi ya fildi itaje wiki ngapi mwanafunzi atakuwa mbele ya wageni, na hoteli isaini hapo. Lile daftari la kila siku, ambalo sasa hujazwa "nimefagia, nimetandika, nimeosha", liongezewe safu moja ya kitu ambacho mwanafunzi hakukielewa siku hiyo na jinsi alivyouliza. Mkufunzi akija ukaguzi aanze kusoma safu hiyo, na aikutapo tupu wiki nzima, amuulize msimamizi kijana huyu amewekwa wapi.