Nilivyopwelewa Mkanda Usiku wa Bernabéu

Jumatano ya tarehe 16 Aprili 2025 ilinikuta Siyu, katika kisiwa cha Pate, nikitia bawaba za mlango wa nyumba ya mteja wangu, mikono ikiwa mlangoni na akili yote ikiwa Madrid. Usiku huo, saa nne kwa saa zetu, Arsenal ilikuwa ishuke uwanja wa Santiago Bernabéu kurudiana na Real Madrid katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, ikiwa na akiba ya mabao matatu kwa bila iliyoyapata London wiki moja kabla. Mteja aliniita mara tatu kunionyesha kwamba bawaba ya juu nimeitia kichwa chini. Mara ya nne hakuniita. Alichukua bisibisi akaitoa mwenyewe.

Mtu asiye na ushabiki atauliza mwenye mabao matatu anaogopa nini. Huyo hakuwa macho mwaka 2022, katika uwanja huo huo, Manchester City ilipofika dakika ya 90 ikiwa mbele kwa mabao mawili ya jumla, na Rodrygo wa Real Madrid akafunga mawili kabla hata shabiki hajamaliza kukunja kikoi chake aende kulala, kisha Benzema akamaliza kazi kwa penalti katika muda wa nyongeza. Klabu yenye makombe 15 ya Ulaya haihesabiwi imekufa mpaka izikwe, na hata ikizikwa ni vyema kaburi likalindwa. Kwa upande mwingine nilijiliwaza kwa mwaka 2006, Thierry Henry alipofunga bao la pekee na kuifanya Arsenal kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kushinda Bernabéu. Asubuhi nzima nilikuwa nikipanda kwa Henry na kushuka kwa Rodrygo, na bawaba zikaenda zilivyokwenda.

Pale mjini Amu, yaani Lamu, kiti changu cha mbele katika ukumbi wa kutazamia mpira nilikwisha kukilipia tangu Jumatatu, nikampa mpwa wangu akikalie hadi nifike. Kilichobaki ni kuwahi boti ya saa kumi na moja jioni kutoka Mtangawanda.

Kwa asiyeijua njia hiyo, boti za Pate kwenda Amu hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili, ambao maji yakijaa hupitika bila taabu, na yakipwa hubaki tope na vijito ambavyo hata bata angevivuka kwa miguu. Siku hizo zilikuwa za bamvua, mwezi umepita mpevu kwa siku tatu, na maji ya bamvua hujaa kwa fahari na hupwa kwa pupa. Kila mtoto wa visiwa hivi analijua jambo hilo. Mimi pia nalijua, na ndiyo sababu sina pa kujificha katika kisa hiki.

Nilifika Mtangawanda saa kumi na nusu, mapema kuliko abiria wote, sanduku langu la zana mkononi. Nahodha alikuwa ameketi juu ya pipa akinywa kahawa, mtu wa makamo, mpole, shabiki wa Real Madrid tangu enzi za Zidane. Baada ya salamu akashusha pumzi akasema, “Fundi, leo kwetu ni kuzito. Tukiwafunga manne nanyi mkipata moja, jumla inakuwa nne kwa nne, na bao lenu la ugenini linawapitisha. Sisi hatuna budi kufunga matano.”

Mtu mwenye akili timamu angemwambia, “Poleni sana, nahodha,” akapanda boti akakaa. Hesabu yake ilikuwa na kosa, lakini lilikuwa kosa lililoipendelea timu yangu. Mimi nikaweka sanduku chini, nikamwambia kwamba kanuni ya bao la ugenini UEFA iliifuta mwaka 2021, na kwamba nne kwa nne ni nusu saa ya nyongeza na pengine mikwaju ya penalti. Hakukubali. Nikarudia. Akamwita baharia wake awe shahidi, baharia akaipinga kanuni yangu, kisha vijana wawili waliokuwa wakipakua magunia wakaacha magunia. Kwa hiyo nilisimama gatini kwa muda usiopungua saa moja na nusu nikipigana kwa jasho langu ili Real Madrid iwe na nafasi kubwa zaidi ya kuitoa Arsenal.

Laiti ningeishia hapo. Tuliposwali Magharibi na kurudi, kijana mmoja akaniuliza ni vipi Declan Rice wa Arsenal, ambaye kabla ya ile mechi ya London hakuwa amewahi kufunga kwa mpira wa adhabu, alifunga mawili katika dakika 12. Swali kama hilo halijibiwi kwa mdomo. Nilipanga makumbi manne yawe ukuta wa mabeki, nikaomba ndimu kutoka kwenye kapu la bibi mmoja kikongwe aliyekuwa akisafiri na kuku watatu, nikaupiga mkwaju. Ndimu ya kwanza ilikwenda baharini. Ya pili ilimpata baharia shingoni. Ya tatu ilizunguka ukuta sawasawa kama ilivyotakiwa, watu wakapiga makofi, na nahodha, ambaye machoni pake niliona maumivu ya kweli, akaniomba nirudie. Tuling’oa nanga baada ya Isha.

Njiani nilikuwa na furaha. Upepo ulikuwa mwanana, mota ilikuwa ikiimba, nami nilikuwa nikimweleza bibi kikongwe kwa nini beki wa kushoto asipande sana. Tulipoingia Mkanda sauti ya maji ubavuni ikabadilika, kisha chini ya miguu yetu pakasikika mkwaruzo kama wa chungu kinachosuguliwa kwa mchanga, na boti ikatulia. Nahodha alizima mota, akachukua upondo, akasukuma kwa nguvu zake zote. Upondo ulizama topeni ukabaki umesimama peke yake kama bendera, naye akabaki na mikono mitupu.

“Tumepwelewa,” akasema.

Bibi kikongwe alinyamaza kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole, “Hivi huyo Rais wa ndimu ni wa nchi gani?” Watu wote wakanigeukia mimi.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Maji yangepwa hadi karibu na usiku wa manane, kisha tungesubiri yajae hadi boti ielee. Pale tulipokwama mtandao ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiyejua nyumba, na mbu walikuwa wamekwisha kupata habari zetu. Saa nne na robo hivi simu yangu ikatetemeka. Mpwa wangu, ambaye akiwa kwenye kiti cha watu huwa mchoyo wa maneno, alikuwa ameandika: “Penalti. Saka.” Mtandao ukakatika papo hapo.

Nilimaliza habari mwenyewe. Nilipaza sauti “Goli!”, nikaruka kwa furaha, na kwa kuwa boti imejengwa kwa kukaa wala si kwa kuruka, nikateremka upande wa pili. Tope la Mkanda halimpokei mtu kwa ukali. Lilinipokea polepole hadi mapajani, kisha likakataa kuniachia. Ule upondo uliokuwa umesimama ukapata kazi. Nilivutwa na watu watano nikatoka nikiwa na kiatu kimoja, na kaa mdogo aliyekuwa ameshikilia upindo wa suruali yangu kwa imani yote.

Sijamaliza kujipangusa ikaita simu ya nahodha: “Penalti kwetu!” Yake nayo ikazima. Nahodha ni mtu mzima, hakuruka. Alipiga takbiri na kuirusha kofia yake ya vito juu, kofia ya kushonwa kwa mkono, nayo ikaanguka pale pale nilipotoka mimi.

Tukakaa tukiamini mabao ni moja kwa moja, tukaanza hata kuwekeana masharti ya nusu ya pili. Ilipopita robo saa hivi mtandao ukarudi na ujumbe ukaingia kwa mafungu. Saka aliudokoa mpira taratibu kama anayemrushia mtoto chungwa, na Courtois, kipa wa Madrid, akauzuia. Penalti ya Madrid nayo refa alikwenda kuitazama upya kwenye skrini pembeni mwa uwanja, akaifuta. Ilikuwa bado bila kwa bila. Mimi kiatu na yeye kofia, tulikuwa tumevitoa sadaka kwa mabao mawili ambayo hayakuwapo duniani.

Baada ya hapo simu yangu iliishiwa chaji, na ya nahodha hakuna aliyethubutu kuigusa. Boti ilielea mnamo saa tisa usiku. Tulifika Amu adhana ya Alfajiri ikikaribia, na aliyenipa matokeo ni mwenye punda aliyekuwa akingoja mizigo gatini: Saka alifunga dakika ya 65, Vinícius akarudisha baada ya dakika mbili, na Martinelli akamaliza katika dakika za majeruhi. Mbili kwa moja kule Bernabéu, tano kwa moja kwa jumla. Nilitaka kushangilia, lakini nilitazama pembeni mwa gati kwanza, nikaacha.

Nahodha alinikabidhi sanduku langu la zana bila kinyongo. Nusu fainali ilikuwa iwe dhidi ya Paris Saint-Germain, na marudiano yangekuwa Ufaransa tarehe 7 Mei. Naye alijua kwamba nilikuwa na mlango mwingine Siyu wiki hiyo.

“Tarehe saba naondoka saa nane mchana,” akaniambia. “Wewe utakaa gubeti, na nauli sitaki. Ila mpaka tuvuke Mkanda, fundi, ukitaka kusema neno, utamwambia kuku.”