Vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi

Mie mafuta ya nazi nimeyanywa miezi minne. Siyo kupikia, kuyanywa hasa, vijiko viwili vikubwa kila asubuhi kabla ya chai, maana shangazi yangu wa Wete alitupa voisi kwenye grupu la familia kuwa yanashusha sukari, yanayeyusha kitambi na yanasafisha mishipa, na bibi aliishi mpaka tisini na kitu akila nazi na hajui presha ni kitu gani. Shangazi ukimbishia unaonekana huna adabu, basi nikanywa. Na mafuta yenyewe matamu ati, anayapika mwenyewe, nazi za shamba zinakunwa kwenye mbuzi, tui linachemshwa taratibu mpaka mafuta yanapanda juu na shata linabaki chini, siye watoto tulikuwa tunapigana kwa ajili ya lile shata.

Kabla sijaanza nilikuwa nimepima, LDL, ile kolesteroli wanayoiita mbaya, ilikuwa milimoli 3.1 kwa lita. Baada ya miezi minne imefika 4.0. Kitambi kipo palepale, mshipi unashuhudia. Najua mtu mmoja siyo utafiti, labda nilikula vibaya na mengine, lakini ilinitia wasiwasi nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kwamba wala sikutakiwa kushangaa.

Hesabu yenyewe nyepesi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kama gramu 14, kalori 120 hivi, na hapo ni mafuta yoyote, ya nazi, ya alizeti, ya zeituni, hakuna mafuta "mepesi", hilo ni jina la biashara tu. Tofauti iko kwenye aina. Katika gramu 14 za nazi karibu 12 ni mafuta yaliyoshiba, yale ya kuganda, ndo maana kipupwe kikiingia chupa ya nazi asubuhi unaigonga chini weee na haitoki kitu. Alizeti kijiko hichohicho kina kama gramu moja na nusu tu. Mawese yako katikati, karibu nusu kwa nusu. Sasa shirika la afya la dunia, WHO, wanasema mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, mtu wa kalori 2,000 ni gramu 22. Vijiko vyangu viwili ni 24. Yaani nilikuwa namaliza mgao wa siku nzima na mkate bado sijaugusa!

Na mafuta haya yaliyoshiba yakizidi ini linapunguza milango yake ya kuvutia LDL kutoka kwenye damu, basi LDL inabaki kuzunguka mishipani. Mwaka 2020 walikusanya majaribio 16 ya mafuta ya nazi, wakakuta yanapandisha LDL ukilinganisha na mafuta mengine ya mimea yasiyo ya nchi za joto, kama ya soya na ya zeituni. Kweli yanapandisha na ile nzuri, HDL, na hapo ndo wanaoyauza wanapoanzia na kuishia. Kisha kuna hii ya "yanachoma mafuta mwilini". Sifa hiyo ni ya mafuta maalumu ya maabara yenye asidi fupi fupi, ambazo kwenye nazi ni kama asilimia 15 tu. Karibu nusu ya nazi ni asidi ya lauri, nayo mwilini inakwenda zaidi kama asidi ndefu za mafuta ya kawaida.

Haya, bibi je? Hapa ndipo tunapogombana kila Idi. Bibi yangu hakunywa mafuta. Alikula tui, kwenye samaki, kwenye majimbi, kwenye muhogo, akatembea kwenda konde na kurudi na mzigo wa kuni kichwani, na chai ya sukari ilikuwa ya mgeni. Mafuta alipaka kichwani. Kuna visiwa kule Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, watu wake walichunguzwa na matokeo yakachapishwa 1981, watu wa Tokelau zaidi ya nusu ya kalori zao zilitoka kwenye nazi na maradhi ya moyo yalikuwa machache. Wapenda nazi wote wanaujua utafiti huu. Wasichokisema ni kuwa Tokelau waliokula nazi nyingi zaidi walikuwa na kolesteroli juu kuliko wenzao wa Pukapuka, na Watokelau waliohamia New Zealand wakaanza kunenepa na kupata sukari, na huko walikula nazi kidogo kuliko kwao. Kwa hiyo mchawi siyo nazi peke yake, lakini nazi siyo dawa vilevile.

Kisiwa kingine kiko humuhumu kwenye bahari yetu, Morisi (Mauritius). Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yaliyokuwa mengi mawese, wakaweka ya soya. Kufika 1992 kolesteroli ya watu wazima imeshuka kwa wastani wa kama milimoli 0.8 kwa lita, wanaume na wanawake, bila ya mtu kuambiwa anywe kidonge. Mie nikisoma hii nawaza madumu yetu ya njano yanayoshushwa bandarini, mengi ni mawese tu, na hakuna anayeuliza. Ila Morisi unene uliongezeka miaka hiyohiyo na sukari haikushuka. Kubadilisha mafuta kulirekebisha kolesteroli, hakukurekebisha kila kitu.

Lililonigusa zaidi ni la Sweden, Uppsala, 2014. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida walilishwa keki za ziada wiki 7, wengine za mawese wengine za alizeti. Wote walinenepa sawasawa! Lakini wa mawese mafuta yaliingia zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo, wa alizeti walipata zaidi nyama ya mwili. Na ini likijaa mafuta insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, haisikilizwi tena, hapo ndo mlango wa sukari. Nikawaza mandazi yetu.

Sasa msinifanye mimi wakala wa alizeti. Alizeti ukiiweka kwenye karai ukakaanga badia leo, kesho, keshokutwa, inaharibika haraka kuliko mawese, inakuwa nyeusi, inatoa povu, moshi mapema, na inazaa vitu vikali vinaitwa aldehaidi. Muuza urojo anayetumia mawese hajakosea kiufundi, kosa ni mafuta ya Jumatatu kuwepo Alhamisi. Na mie urojo siachi, nasema mapema. Nikiona karai jeusi naomba kachori mbili badala ya nne, huo ndo ujasiri wangu.

Nyumbani tumeacha kumimina kwa macho. Vitunguu vinakaangwa kwa vijiko viwili vya alizeti kwa sufuria nzima, tui tunaweka siku za samaki, kasimele kidogo mwishoni, na futari ya Ramadhani iliyopita mihogo ilichemshwa, watoto walinuna siku tatu.

Shangazi nilimpigia, shikamoo nyingi kwanza, kisha nikamweleza namba zangu. Akasikiliza. Akasema, "Mwanangu, hiyo mashine mbovu, bibi yako hakupima hata siku moja." Nikamwambia ndo hivyo shangazi, hakupima. Wiki ya pili likaja dumu la lita tano kwa boti, limefungwa kwa kanga. Mke wangu anapaka nywele.