Siku niliyokataa swichi za NO

Muuzaji aliniuliza swali moja tu, "Bosi, unataka NO au NC?", na mimi badala ya kuuliza ndo nini hiyo nikajibu kama mtu aliyezaliwa kiwandani. Yaliyofuata yote nimejitakia mwenyewe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Dogo mmoja, mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuja kukaa kwangu Manzese likizo ya mwezi wa sita. Ana mdomo huyo mtoto, kamrithi bibi yake. Siku hiyo nikajichanganya nikamwambia mi enzi zangu kwenye Tekken 3, ile gemu ya mapigano, mtaa mzima walikuwa wananikimbia, tulikuwa tunalipa shilingi 50 mechi, ukipigwa unapisha mwenzako, mi nilikuwa nakaa pale mpaka matako yanakufa ganzi sijapisha mtu. Akaniangalia kuanzia kitambi kuja juu akasema, "Anko, wewe?"

Nikaiweka gemu kwenye laptopu ya zamani tukacheza kwa kibodi. Alinipiga mechi kumi na moja mfululizo, ya kumi na mbili mama Nasra akaja kunionea huruma akasema chakula tayari, na chakula kilikuwa bado. Mi nikasingizia kibodi. Nikamwambia dogo sikiliza, hizi gemu asili yake ni zile mashine za kusimama, zina kishikio na vitufe vikubwa vya kupiga kwa kiganja, huku kwenye kibodi ni kama kula ugali kwa uma. Akasema sawa, basi tafuta hicho kishikio. Na uongo ukishausema mbele ya mtoto inabidi uugharamie.

Nikaingia mtandaoni usiku kucha. Nikajifunza mambo mengi kweli, nikajua kuna Sanwa, kampuni ya Japani, ambao joistiki yao, yani kile kishikio, chini ina vijiswichi vinne, ukisukuma huku kimoja kinalia tik, ukisukuma kule kingine kinalia tik, nikajua vitufe vyao vya kupigia vina upana wa mm 30 na vile vidogo vya Start, vya kuanzisha na kusimamisha gemu, mm 24, nikajua kuna kabodi ka USB kanaitwa zero delay, yani eti hakachelewi hata kidogo, ndo kanapokea waya zote kanapeleka kwenye kompyuta. Bodi yenyewe haina akili nyingi. Kila kitufe kina waya mbili, zikigusana bodi inasema kimebonyezwa, zikiachana inasema kimeachiwa, basi. Hiyo niliisoma kabisa, nikaielewa, nikaenda kulala nikiwa na amani.

Kuna jamaa huwa anafuata mzigo Guangzhou, nikampa oda ya joistiki na bodi. Sanwa yenyewe bei yake niliiangalia mara moja nikafunga ukurasa, nikachukua ya kufanana nayo, usiku huwezi kuijua. Jamaa akaniuliza, "Na vitufe je, nikuletee seti nzima?" Hapo ndo ubahili uliponikaba. Nikamwambia vitufe vya nini nivitoe China wakati Gerezani vimejaa, we lete hivyo hivyo.

Mzigo ulipofika nikapanda mwendokasi pale Manzese nimesimama mguu mmoja mpaka Gerezani, nikazama kwenye duka moja la vifaa vya mashine, yani stata za mota, breka, swichi za kila aina. Nikaomba vitufe vya kubonyeza. Kijana akanimwagia mezani aisee, moyo ukaruka. Vya mm 22, vina pete ya chuma inang'aa, vizito mkononi, ukikibonyeza kinashuka taratibu kama lifti ya benki. Vyekundu, vya kijani, vya njano. Vile vya plastiki nilivyoviona kwenye picha nikavidharau palepale.

Sasa nyuma ya kila kitufe kuna kijumba cha plastiki chenye skrubu za kufungia waya. Vingine pembeni vimeandikwa NO na namba 3 na 4, vingine NC na namba 1 na 2. Ndo kijana akauliza lile swali lake. Na mimi na Kiingereza changu cha shule ya kata nikaangalia ile NO nikasema moyoni, hii si hapana? Hapa Mchina alikuwa anakagua, zilizofeli akazipiga muhuri wa NO, sasa wanataka kunibambikia mimi nimetoka Manzese. NC sikuijua ni nini, lakini kitu usichokielewa mara nyingi ndo cha maana.

"Nipe NC," nikasema. "Hizo za NO sitaki hata kuziona."

"Zote NC?"

"Zote sita."

Kijana akakaa kimya kidogo. "Unafunga mashine gani kwani bosi?"

"Ya mapigano."

Akaniangalia, akaangalia nje kama kuna mtu ameniacha pale, afu akaanza kuandika risiti. Akasema labda nichukue na ile ya uyoga, lile lidude jekundu la dharura lenye kichwa kama uyoga, maana inaonekana mashine yangu kazi yake ni kusimama tu. Mi nikacheka ile ya mtu aliyeelewa. Nikachukua na uyoga, nikaona hii itakaa pazuri kwenye Start. Vitufe elfu nne nne, uyoga elfu nane, jumla elfu thelathini na mbili, na hapo Tekken yenyewe inahitaji vinne tu, ngumi mbili na mateke mawili. Viwili vilikuwa vya urembo.

Keko kwa fundi seremala sikai sana. Nilimwambia boksi la plaiwudi, juu matundu saba ya mm 22 na moja la kishikio, yeye akasema ana kipande cha mninga kimebaki kwenye kitanda cha mtu, atanifanyia bei ileile. Nilipoenda kuchukua lilikuwa limepigwa vanishi hadi unajiona meno, na uzito wake ukilidondosha mguuni utasimulia wajukuu. Akaniuliza, "La kuwekea mayai?" Nikasema ndio. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Usiku tukafunga, mimi na dogo, sebuleni, tumetandika kanga ya mama Nasra bila ruhusa. Waya za ile bodi zilikuja na vibanio vya kuchomeka, vitufe vyangu ni vya skrubu, ikabidi nikate vibanio vyote, nimenye waya kwa meno, nikazungushia kwenye skrubu moja moja. Joistiki tukaifunga kiubavu kwanza, ukienda juu mtu anaenda kushoto, tukafungua skrubu nne tukaigeuza, hiyo ilikuwa dakika tano. Mama Nasra akapita na ndoo akauliza hilo jeneza la paka litaisha lini. Tukamjibu kwa heshima.

Nikachomeka USB. Taa ya bodi ikawaka. Dogo akapiga makofi. Tukafungua sehemu ya kupanga vitufe, ile skrini inakwambia bonyeza kitufe cha ngumi ya kushoto, bonyeza kitufe cha nini. Sijagusa kitu jamani. Mikono yangu yote miwili iko hewani kama nimeombwa nitoe ushahidi. Skrini ikajijaza yenyewe mpaka chini.

"Anko," dogo akasema, "imejipanga yenyewe."

"Si nilikwambia? Hiyo ndo zero delay. Inajibu kabla hujabonyeza."

Na nilikuwa najisikia kabisa kwamba nimesema kitu cha kitaalamu.

Ikabidi tupange kwa kuandika namba kwenye kibodi. Mechi ikaanza. Nabonyeza ngumi, mtu wangu kasimama tu. Nabonyeza tena, kwa hasira, kitufe kizito kile kinataka kidole cha fundi matofali, hakuna kitu. Nikitoa kidole ili nijikune, paa, ngumi. Nikarudisha kidole, kimya. Nikatoa, paa. Yani nikitaka kupiga hapigi, nikikata tamaa anapiga. Mpinzani wangu muda huo ananifanyia sherehe, na dogo kashika kibodi anacheza kwa mkono mmoja, mwingine anakula karanga.

Nikasema bodi mbovu. Dogo akasema tubadilishane. Akakaa, akajaribu kidogo, akanyamaza, akaangalia vidole vyake. Afu akaweka vidole vinne juu ya vitufe vinne vyote, akavikandamiza chini vyote kwa pamoja, akaanza kuvinyanyua kimoja kimoja kama mtu anayepuliza filimbi. Kila kidole kinachonyanyuka ni ngumi au teke. "Anko hii ni kinyume," akasema, "ukiachia ndo anapiga," na hapo alikuwa ameshanimaliza raundi ya kwanza. Mtoto alijifunza kucheza kinyumenyume ndani ya dakika tatu, akanipiga tisa bila.

Kasheshe lilikuwa ule uyoga. Ile ikishapigwa inazama na kubaki hukohuko mpaka uizungushe ndo inaruka juu. Kwa hiyo ukitaka kusimamisha gemu, kuweka pozi, unaipiga kibao kwanza, hakuna kinachotokea, afu unaizungusha kama unafungua bomba, tak, ndo gemu inasimama. Ukitaka kuendelea, kibao tena, zungusha tena. Mama Nasra akiita jikoni anasikia pu, tak, anauliza mnagonga nini huko na saa hizi saa nne, mwenye nyumba amelala.

Kesho yake nikalibeba boksi begani mpaka kwa mzee wa mashine ya kusaga mtaa wa nyuma, maana ule mtambo wake anautengeneza mwenyewe kila kitu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba baba Nasra, umeleta mahindi? Nikasema hapana mzee, nimeleta hili. Akaligeuza. Akaangalia kijumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alianza kucheka taratibu, unga ukaanza kudondoka kwenye nyusi, mwisho akakaa chini kabisa juu ya gunia.

"Nani kakwambia ufunge stopu sita na imajensi?"

Ndo akanifundisha. NO ni swichi ambayo kawaida yake iko wazi, waya hazigusani, umeme haupiti mpaka ubonyeze. NC kawaida yake imefungwa, umeme unapita muda wote, ukibonyeza ndo unakata. Nikambishia, nikamwambia mzee mlango ukiwa wazi si ndo watu wanapita? Akasema mlango ndio, swichi hapana, swichi ikiwa wazi hupiti, ikifungwa unapita, na hapo mi akili ikanigoma kabisa nikakubali tu kama mtu anayekubali mahari. Akaendelea kwamba kitufe cha kuzimia mashine lazima kiwe NC, kwa sababu waya ukikatika au panya akila, umeme unakata na mashine inasimama yenyewe. Ingekuwa NO, waya ukiwa umekatika utabonyeza mpaka kesho na mashine inaendelea kula mkono wa mtu. Kwa hiyo bodi yangu tangu nichomeke USB ilikuwa inaona nimebonyeza vitufe vyote saba kwa pamoja, masikini, ilikuwa inajitahidi.

Dawa yake nayo ya kuudhi. Kile kijumba cha nyuma kinachomoka. Huhitaji kubadilisha kitufe, unachomoa cha NC unachomeka cha NO, kitufe kinabaki kilekile. Mzee alikuwa navyo kwenye kopo la maziwa ya unga, vimejaa vumbi. Nikamuuliza bei akaangalia ule uyoga. Stopu ya mashine yake ilikufa zamani, kijana wake huwa anazima kwa kukimbilia meini swichi ukutani, mpaka afike unga umeshamwagika. Tukabadilishana. Kitufe kimoja kati ya vile viwili vya urembo kikahamia kwenye Start, kumbe urembo nao una kazi, na lile tundu lililobaki nikaliziba kwa kizibo cha soda, kimekaa vizuri tu.

Jioni tukacheza. Nikabonyeza, ngumi ikatoka. Jamani. Nikabonyeza tena, ikatoka tena. Tukawa tunapokezana boksi, na dogo zamu yake ikifika anaweka vidole vyote chini, ananyanyua, hakuna kitu, ananyanyua kingine, hakuna kitu, vidole vyake vilishazoea ulimwengu mwingine. Nilimpiga mechi tano za kwanza mpaka jasho likamtoka puani.

"Anko rudisha zile za jana, hizi mbovu."

"Usisingizie vitufe," nikamwambia.

Jumamosi mama Nasra akatutuma tukasage, ndoo moja ya mahindi, mimi nimebeba ndoo na dogo kabeba maneno. Mashine inanguruma pale, unga wetu unatoka, mara mfuko wa mtu ukavutwa karibu na mkanda. Yule kijana hakukimbia ukutani. Alinyoosha mkono akaupiga uyoga kibao kimoja, pu, mtambo ukaanza kulegea mpaka ukanyamaza. Akautoa mfuko, akauzungusha uyoga, tak.

Dogo akanivuta shati.

"Anko, kaweka pozi."