Figo Zangu na Basi la Alfajiri

Sijui ni kosa gani nililozitendea figo zangu hata zikachagua siku ya safari kuwa siku ya kuonyesha bidii. Zimekaa mbili nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo, ile ya kulia ikiwa imeshuka kidogo kulipisha ini, na kila moja haizidi ukubwa wa ngumi. Lakini mwezi wa Julai hapa Mbeya utadhani nimeazimwa za tembo.

Nilikuwa nakwenda Iringa. Basi liliondoka alfajiri, baridi ya Loleza ikiwa imeingia hadi kwenye soksi, nami nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai ya rangi kwa amri ya mama watoto, ili nipashe mwili. Chai ilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili ni kuwa na ngozi, kwa sababu baridi inapoipiga, mishipa midogo ya damu hujibana, damu hukimbilia ndani, na figo, zikidhani kwamba maji yamezidi mwilini, huanza kuyamwaga. Kwa hiyo anayetetemeka Uyole ndiye anayeongezewa mkojo, ilhali anayetoka jasho Kyela, ambaye angeweza kwenda chooni usiku bila hata shati, anapunguziwa. Haki iko wapi?

Mimi nimekuwa karani wa ghala la mahindi kwa miaka mingi, na utaratibu wa figo haujawahi kuniingia akilini. Huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku kupitia vichujio vidogo viitwavyo nefroni, ambavyo hufikia kama milioni moja katika kila figo, kisha hurudisha karibu yote na kubakiza lita moja na nusu hivi, pamoja na urea na chumvi zilizozidi. Ni sawa na kibarua anayetoa magunia 120 ghalani, akayamwaga uani, akapepeta, akarudisha 119, akatoka na gunia moja la pumba, na kesho akaanza upya. Ghalani kwangu asingemaliza wiki.

Tulipofika Igurusi nilikwisha kupata taarifa. Kibofu hutuma taarifa ya kwanza kikiwa na kama mililita 200, na kikifika 400 au 500 hakitumi tena taarifa, kinatuma vitisho. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa ameniomba nimshikie ndoo yake ya maparachichi, nami kwa adabu nikaipakata, kila tuta la barabarani likiishusha ndoo juu ya kibofu. Nilijaribu kuegemea dirishani ili mkojo usishuke upesi, lakini wapi! Ile mirija miwili inayoutoa kwenye figo, yenye urefu wa kama sentimita 25 kila mmoja, husukuma kwa kujiminya yenyewe, hata ungening'inia kichwa chini.

“Mdogo wangu,” nilimwambia konda, “hatuwezi kuchimba dawa hapa?”

“Vumilia mzee wangu, tunachimba Igawa.”

Mlango wa ndani wa kibofu hauniulizi ruhusa. Wa nje pekee ndio ulio chini ya mamlaka yangu, na mamlaka hayo niliyatumia yote kutoka Igurusi, kupita Chimala, hadi Igawa, nikiwa nimebana magoti na kuitikia kwa kichwa habari za bei ya mbolea.

Basi liliposimama nilikuwa wa kwanza kushuka na wa kwanza kufika kichakani. Nikasimama. Hakikutoka kitu. Mlango niliokuwa nimeubana kwa saa nzima sasa ulikataa kulegea, na tezi dume, ambayo kwa ubunifu nisiouelewa iliwekwa kuuzunguka mrija wa mkojo chini tu ya kibofu, nayo imeanza kunenepa kwa umri huu wangu wa miaka 58. Vijana walikuja, wakamaliza, wakaondoka. Konda akapiga honi. Ndipo yalipoanza, taratibu, kama bomba la mtaani wakati wa mgao, na abiria wote wakinitazama kupitia madirishani.

Niliporudi kwenye kiti, yule mama aliniangalia kwa huruma, akafungua chupa ya maji ya lita moja na nusu.

“Kunywa, baba,” akasema. “Safari bado ndefu.”