Nilivyobanwa Kati ya Gesti na Jehanamu

Ukiwaambia watu unafanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo Marekani, wanakupa picha ya mtu mwenye glovu nyeupe. Wapi! Karatasi kuukuu tunashika kwa mikono mitupu iliyooshwa ikakauka, maana glovu inazima hisia za vidole, ukija kushtuka ukurasa umechanika. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Vitu vyenyewe viko chini ya jengo, kwenye makabati yanayotembea juu ya reli. Unazungusha gurudumu, njia inafunguka hapa, ya pale inafungwa.

Chuo kiko Pennsylvania, jimbo lenye ukoo wa Wajerumani kila kona. Siku hiyo tulipata ugeni wa wazee wa kanisa waliotaka kuona picha za dini. Bosi wangu alishawatandikia mezani ile ya Njia Mbili, iliyobuniwa na Charlotte Reihlen kule Stuttgart mwaka 1866. Upande mmoja lango pana, gesti, kamari na maonyesho. Upande wa pili mlango mwembamba na kanisa. Juu kabisa jicho la Mungu linawatazama wote, na kuna treni ya Jumapili inayokimbilia kwenye moto. Mtu kakata tiketi kabisa!

Mimi nikatumwa kabati la mwisho kumletea mtafiti daftari la gesti ya zamani. Sikuweza kulibeba bila kuchungulia. Wino umegeuka kahawia, hesabu zote kwa shilingi na peni, ingawa nchi ilishajipa dola yake tangu 1792. Yaani ni daftari la mikopo la dukani kwa Mangi! Mteja mmoja: wiski. Wiski. Chakula cha farasi. Wiski. Halafu analipa kwa kuni. Aliyemaliza deni amepigwa mstari. Huyu wangu wa wiski hana hata mstari.

Nikasoma nikasahau kutikisika. Taa zetu zinategemea mwendo: ukitulia, zinajizimia. Mwenzangu, spika masikioni, akaona giza, akajua hakuna mtu, akazungusha gurudumu. Kabati likaanza kuja taratibu, bila haraka, kama maharusi wanaingia ukumbini. Nikaita. Likaja. Nikavuta tumbo ndani. Likaja tu. Mwisho tumbo lenyewe likawa breki, daftari kifuani, pua kwenye boksi.

Na wageni ndio wakawa wanaingia. Nikamsikia bosi kwa ile sauti yake ya kanisani: "Na mwisho wa njia pana, kama mnavyoona, ni moto."

Kimya.

"Jamani, nakufa huku!" nikapiga kelele, tena kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilishanikimbia.

Mzee mmoja akaanza Baba Yetu. Bosi akauliza nani yuko huko. Nikajibu kwa lugha wanayoielewa: "Ni mimi! Niko na walevi!" Nilimaanisha daftari.

Bibi mmoja akauliza, "Ameokoka?"

"Bado," bosi akasema, "tunatafuta gurudumu."

Lilipatikana, likazungushwa kwanza upande usio wake, hapo ndipo nilipoona nyota bila kutoka nje. Halafu ufa ukafunguka kidogo, nikatoka ubavuubavu, jasho tupu, mbele ya ile picha na wazee waliosimama mstari. Wakanipigia makofi.

Daftari lilikuwa bado wazi mikononi mwangu. Yule mzee wa Baba Yetu akainama, akavaa miwani, akafuata jina kwa kidole bila kugusa karatasi. Lilikuwa jina la ukoo wake. Babu aliyesifiwa kwao miaka yote kwa ucha Mungu.

"Hii mistari ni ya nini?" akauliza.

"Waliolipa."

Akatazama tena. Akatazama wenzake. Akatoa pochi, akamnong'oneza bosi kama deni linaweza kupokelewa hapahapa.

"Hapa," bosi akamjibu, "tunapokea hela ya fotokopi tu."

Akachukua nakala mbili.