Steringi Mwenye Sikio la Jazi

Kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, Clint Eastwood ni yule steringi wa picha za kikauboi. Amejitanda poncho, kasigara kako pembeni ya mdomo, macho kayafinya kwa jua, na tangu mkanda uanze hajasema maneno kumi. Tulijua steringi hafi. Tusichojua ni kwamba bwana huyu akirudi kwake anakaa kwenye piano.

Nimelijua hilo ukubwani, na sasa nashikilia msimamo ambao marafiki zangu wapenda filamu wananicheka nao: Eastwood ni mpenzi wa jazi aliyejikuta kwenye filamu. Hata ule ububu wake wa kwenye skrini nausikia kama wa mpiga piano anayejua noti ipi aiache.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1930, akakulia Oakland, ng'ambo ya ghuba. Nyumbani kulikuwa na santuri za mpiga piano Fats Waller ambazo mama yake alizileta, na kijana akajifunza kuziiga kwa sikio tu. Alipobalehe akawa anapiga piano kwenye baa moja ya Oakland, malipo yenyewe chakula. Akiwa bado mwanafunzi akamwona mpiga saksafoni Charlie Parker jukwaani mjini humo, na mpaka uzeeni amekuwa akisimulia kwamba hajawahi kuona mtu akijiamini na chombo chake kiasi kile.

Hapa niweke sawa jambo moja, maana kwetu neno hili lina mambo yake. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz: hizo zilikuwa bendi za dansi, magitaa na rumba, na "jazz" lilikuwa kama cheo cha bendi. Siyo hiyo ninayoizungumzia. Nazungumzia ile ya Wamarekani weusi wa New Orleans, Kansas City na Harlem, pamoja na waimbaji wake wa taratibu, ambao wazee wetu wangewaweka kwenye zilipendwa bila kufikiri mara mbili.

Filamu ya kwanza Eastwood kuiongoza mwenyewe, mwaka 1971, mhusika wake si kauboi wala askari. Ni mtangazaji wa redio wa usiku katika mji wa Carmel, California, anayesumbuliwa na msikilizaji anayeomba kila mara wimbo uleule wa mpiga piano Erroll Garner, "Misty". Katikati ya hadithi, kamera inakwenda zake kwenye tamasha la jazi la Monterey na kutulia huko, hadithi inasubiri. Wahakiki wengine wanaona ni kosa la mwongozaji mgeni. Mimi naona mtu aliyepewa kamera kwa mara ya kwanza akaamua kwanza awarekodi anaowapenda.

Kwenye filamu hiyohiyo kuna wimbo wa Roberta Flack, "The First Time Ever I Saw Your Face". Flack aliurekodi mwaka 1969 na haukuwa umevuma. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja simu ililia nyumbani kwake na aliyepiga akajitambulisha kuwa ni Clint Eastwood. Ameusikia wimbo redioni akiwa anaendesha gari Los Angeles, anautaka. Flack akamwambia angependa kuurekodi upya, mwendo uchangamke kidogo, kwa sababu aliona unajikokota mno. Eastwood akakataa. Aliutaka vilevile, na mkokoto wake wote. Mwaka 1972 ukakaa namba moja Marekani kwa wiki sita, na mwaka uliofuata ukachukua Grammy ya rekodi ya mwaka. Sauti ni ya Flack na sifa ni zake, ila lile "hapana" la kwenye simu nalipa uzito wake.

Watu wakitaka kuthibitisha mapenzi yake kwa jazi hukimbilia Bird, filamu yake ya mwaka 1988 kuhusu Charlie Parker. Forest Whitaker, ambaye huku kwetu wengi tulimjua baadaye alipomwigiza Idi Amin, alishinda tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa kazi ile. Nami simbishii Whitaker. Lakini filamu yenyewe inanichosha. Ni giza, mvua na sindano za dawa za kulevya kwa muda wa karibu saa tatu, kama vile Parker, aliyekufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34, hakuwahi kucheka. Halafu kuna suala la sauti. Walichukua rekodi za kale, wakachuja saksafoni ya Parker peke yake, wenzake aliopiga nao wakafutwa, wakaletwa wapigaji wapya kuizunguka. Kiufundi ni maajabu, na ikapata Oscar ya sauti. Sikioni kwangu ni kama umemkata bwana arusi kwenye picha ya zamani ukambandika katikati ya wageni wa arusi nyingine. Jazi ni mazungumzo, na hawa hawakuwa chumba kimoja wakizungumza.

Kuimba mwenyewe, tuseme ukweli, hapana. Aliimba kwenye Paint Your Wagon mwaka 1969, na aliyesikia amesikia. Nadhani alijijua. Baada ya hapo pesa na jina lake vilienda zaidi kwa wengine: alisaidia itoke filamu ya maisha ya mpiga piano Thelonious Monk, na nyingine ya mwimbaji Tony Bennett, akakaa na Ray Charles kwenye piano wakizungumzia blues.

Ninapompenda kuliko kote ni jikoni, kwenye The Bridges of Madison County ya mwaka 1995. Yeye na Meryl Streep wanacheza taratibu, redio iko wazi, na anayeimba ni Johnny Hartman. Huyu bwana alikuwa na sauti nzito laini kama samli ya moto. Alirekodi albamu na mpiga saksafoni John Coltrane mwaka 1963, wajuzi wakaisujudia, lakini umma mpana haukumjali. Sasa angalia: hadithi ya filamu ni ya mwaka 1965, ila nyimbo zile za Hartman zilirekodiwa mwaka 1980. Redio ile inacheza wimbo ambao bado miaka 15 urekodiwe!

Siamini kwamba mtu wa sikio lile hakulijua hilo. Alilijua, akaona Hartman kwanza, kalenda itajijua. Filamu ikatazamwa duniani kote na watu wakaanza kuuliza madukani, huyu anayeimba ni nani? Hartman mwenyewe hakuyasikia maswali hayo. Alishafariki mwaka 1983.