Vitufe vya Arduino: fanksheni za mwitikio zinalaumiwa kwa makosa ya intarapti

Kwenye vitufe, waandishi wa programu za Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa, wamegawanyika. Wako wanaotaka lupu, sehemu ya programu inayojirudia bila kukoma, isome pini ya kitufe kila mzunguko kwa amri ya digitalRead. Wengine husajili fanksheni ya mwitikio: kitufe kikibonyezwa, fanksheni inaitwa. Wanafunzi huonywa waikwepe njia hii ya pili, na sababu wanazopewa karibu zote ni za intarapti, yaani ishara inayoikatiza programu ghafla ili ishughulikie jambo jingine: humo ndani saa ya millis() haisogei, amri ya kusubiri delay() haifanyi kazi, vigeu vinavyoshirikiwa lazima vitiwe alama ya volatile ili visomwe upya kila mara.

Yote ni kweli, ila kesi si ya fanksheni ya mwitikio. OneButton, maktaba ya kushughulikia vitufe kwa fanksheni za mwitikio, haikulazimishi kutumia intarapti. Inakutaka uite tick() ndani ya lupu, nayo tick() ndiyo inayosoma pini. Chini kabisa ni usomaji ule ule, isipokuwa umeandikwa mara moja tu.

Na hiyo mara moja ina thamani kubwa. Ukibonyeza kitufe, vyuma vyake hudunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Tuseme 5. Kwa binadamu hazina maana, lakini Arduino Uno R3 inakwenda kwa megahezi 16, kwa hiyo humo humo saa yake hupiga mara 80,000. Inao muda tele wa kuona mibonyezo chungu nzima pale ulipobonyeza mara moja. Kuichuja kunadai ukumbuke hali iliyopita na wakati ilipobadilika. Ongeza kubonyeza mara mbili, ongeza kushikilia, kisha unakili yote hayo kwa vitufe vinne. Siku moja utakuta if (sasa3 != mwisho2), kitufe cha tatu kinalinganishwa na cha pili, na kompaila imeipitisha bila kusema neno.

Wapinzani wana hoja moja nzito: ukisoma lupu huoni tena nini kinafuata nini, na fanksheni huishia kupeana habari kwa vigeu vya jumla. Tena anayeweka delay(1000) ndani ya mwitikio anazisimamisha tick() zote. Wengine husema fanksheni za mwitikio humaliza RAM, yaani kumbukumbu ya kazi; hilo halinishtui. Uno R3 ina baiti 2,048, na anwani ya fanksheni inachukua 2. Kwa kitufe kimoja cha kuwasha taa, sawa, maktaba ya nini?

Intarapti ziachiwe kuamsha chipu iliyolala au kuhesabu mapigo ya enkoda (kihisi cha mzunguko) inayozunguka kasi. Kidole hukaa juu ya kitufe makumi ya milisekunde. Lupu isiyozuiwa itakikuta bado kipo.